Kulinda Soko la Ndani na Hatima ya Kampuni Changa za Teknolojia Mwanza

Tarehe 28 Julai 2025 Serikali ilichapisha Agizo linalozuia watu wasio raia wa Tanzania kufanya aina 15 za biashara nchini. Agizo hilo, lililotolewa na Waziri wa Viwanda na Biashara chini ya Sheria ya Leseni za Biashara, limezungumzwa zaidi kwa kuhusishwa na maduka ya Kariakoo, jijini Dar es Salaam. Hata hivyo, katika Jiji la Mwanza na miji mingine ya mwambao wa Ziwa Victoria, linagusa kundi jingine ambalo halitajwi mara kwa mara: vijana wanaojipatia riziki kupitia teknolojia. Miongoni mwa biashara 15 zilizotajwa zimo huduma za kutuma fedha kwa simu, ufundi wa simu na vifaa vya kielektroniki, pamoja na huduma za posta na usafirishaji wa vifurushi ndani ya nchi.

Kwa hiyo swali linaloulizwa leo katika miji mikuu ya Ulaya, iwapo kulinda soko la ndani husaidia au huumiza kampuni changa za teknolojia, linawahusu pia wakala wa fedha wa Buzuruga, fundi simu wa Makoroboi na mhitimu wa chuo anayetengeneza programu ya kusimamia mauzo ya dagaa katika Mwaloni wa Kirumba. Uzoefu wa Tanzania unaonesha kwamba jibu halipatikani kwa kusema "ndiyo" au "hapana". Ulinzi humsaidia mjasiriamali mchanga pale unapompatia mteja wake wa kwanza. Humuumiza pale unapomnyima vifaa, mtaji au soko la jirani. Uchambuzi huu unapitia mifano inayothibitisha pande zote mbili.

Agizo linasema nini

Ni vema kuanza na maudhui ya Agizo lenyewe, kwa kuwa maneno mengi yamezungumzwa kulihusu na si yote yaliyo sahihi. Orodha ya biashara zilizohifadhiwa kwa raia inajumuisha uuzaji wa bidhaa kwa jumla na rejareja, isipokuwa maduka makubwa ya kisasa na uuzaji wa jumla wa bidhaa maalumu kwa wazalishaji wa ndani. Zimo pia saluni, usafi wa majumbani na maofisini, uchimbaji mdogo wa madini, uongozaji watalii, uanzishaji na uendeshaji wa redio na televisheni, udalali, uwakala wa forodha, ununuzi wa mazao shambani, na viwanda vidogo na vidogo sana.

Asiye raia atakayekiuka Agizo anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 10, kifungo kisichozidi miezi 6, na kufutiwa viza na kibali cha ukaazi. Raia atakayemsaidia mgeni kufanya biashara hizo, kwa mfano kwa kumwazima jina ili leseni itoke, naye ana adhabu yake: faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi 3. Waliokuwa na leseni halali kabla ya Agizo waliruhusiwa kuendelea hadi muda wa leseni zao utakapokwisha.

Jambo moja linajitokeza katika orodha hiyo. Biashara za teknolojia zilizohifadhiwa ni zile za ngazi ya chini, ambazo mtaji wake ni mdogo na ujuzi wake unapatikana nchini. Haikuhifadhiwa biashara ya kutengeneza programu, kujenga mifumo ya malipo, kuendesha vituo vya kuhifadhia data wala kutoa huduma za intaneti. Serikali imeweka ulinzi kwenye ngazi ya kwanza ya kupandia, na kuacha ngazi za juu wazi kwa ushindani na ubia.

Mteja wa kwanza

Hoja ya kulinda ngazi ya kwanza ina msingi. Mkoa wa Mwanza ulikuwa na wakazi 3,699,872 kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022. Hilo ni soko kubwa, lakini lina wateja wenye kipato kidogo ambao huchagua huduma kwa tofauti ya shilingi mia chache. Fundi simu aliyehitimu VETA akianza kazi hushindana kwa bei, na mwenye mtaji mkubwa anaweza kuuza kwa hasara miezi kadhaa hadi wengine wafunge vibanda. Kumhakikishia kijana kwamba ngazi hiyo ni ya raia ni kumpa muda wa kujenga wateja, kuweka akiba na kujifunza.

Mfano ulio wazi zaidi wa faida ya mteja wa kwanza uko katika ununuzi wa umma. Kwa miaka kadhaa taasisi za Serikali zilinunua bidhaa na huduma kupitia mfumo wa TANePS, uliojengwa na kampuni ya European Dynamics kutoka Ulaya. Mwaka 2023 mfumo huo uliachwa, na nafasi yake ikachukuliwa na NeST, uliosanifiwa na kujengwa na wataalamu wa Kitanzania chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma. Serikali ilikuwa mteja wa kwanza wa kazi ya vijana wake, nao wakaonesha kwamba wanaweza kujenga mfumo unaobeba ununuzi wa nchi nzima.

Mfano huo, pamoja na mafanikio yake, una fundisho la ziada. NeST ilijengwa na wataalamu walio ndani ya utumishi wa umma. Kampuni changa binafsi haikupata zabuni kwa sababu tu kampuni ya kigeni imeondoka. Ili ulinzi umfikie mjasiriamali wa Mwanza, hatua inayofuata ni kuhakikisha kazi ndogo za teknolojia katika halmashauri, hospitali, shule na mamlaka za maji zinatangazwa kwa ukubwa ambao kampuni ya watu watano inaweza kuumudu, na kwamba ikishafanya kazi inalipwa kwa wakati. Sheria tayari imefungua njia: taasisi nunuzi zinatakiwa kutenga asilimia 30 ya ununuzi wao kwa makundi maalumu, wakiwamo vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Vikundi vinavyosambaza vifaa vya ofisi vimelielewa jambo hili mapema. Vikundi vya kufunga kamera za ulinzi, kutengeneza kompyuta au kuandaa tovuti vina haki ileile.

Kumbukumbu ya kiwanda cha nguo

Mwanza si mgeni katika suala la kulinda viwanda vichanga. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, sera ya nchi ilikuwa kuzalisha ndani bidhaa zilizokuwa zikiagizwa kutoka nje. Kiwanda cha nguo cha Mwanza, maarufu kwa jina la MWATEX, kilikuwa sehemu ya juhudi hizo. Kiliwekwa mahali panapostahili, kwa kuwa pamba ililimwa Usukumani kote, na nguo kutoka nje zilidhibitiwa ili bidhaa yake ipate soko.

Kwa muda mpango huo ulitoa ajira na ujuzi. Udhaifu wake ulijitokeza mahali pengine. Mitambo, vipuri na kemikali vilihitaji fedha za kigeni, na fedha hizo zilipoadimika mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980, viwanda vingi nchini vilizalisha chini ya uwezo wao. Soko lililindwa, lakini mashine zilisimama. Milango ya biashara ilipofunguliwa baadaye, nguo za bei nafuu na mitumba zilikuta viwanda ambavyo havikuwa vimepata nafasi ya kujiandaa.

Fundisho lake kwa kampuni za teknolojia ni la moja kwa moja. Kuzuia bidhaa ya mshindani hakutoshi ikiwa kile kinachohitajika kuzalishia kinabaki ghali au hakipatikani. Kioo cha simu, betri, kompyuta ya mkononi, nafasi ya kuhifadhi data na kifurushi cha intaneti ndivyo vipuri vya biashara ya leo. Ushuru au ucheleweshaji unaoongezwa kwenye vitu hivyo kwa nia ya kulinda kiwanda ambacho bado hakipo humwangukia fundi wa Makoroboi kabla ya kumfikia mtu mwingine yeyote. Kwa upande huu kuna uamuzi unaopaswa kutambuliwa: paneli za umeme wa jua huingia katika nchi za Afrika Mashariki bila ushuru wa forodha. Uamuzi huo umewawezesha wafanyabiashara wadogo wa Kanda ya Ziwa kuuza na kufunga mitambo hiyo hadi visiwani.

Njia ya pamoja badala ya ukuta

Ipo namna nyingine ya kuwasaidia wachanga, ambayo haihitaji kumzuia mtu. Ni kuhakikisha kwamba aliye mkubwa hawezi kuifunga njia. Tanzania ina mfano unaotajwa sana barani Afrika.

Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza nchini mwaka 2008. Katika miaka ya mwanzo kila mtandao ulikuwa kisiwa: mteja wa mtandao mmoja hakuweza kumtumia wa mtandao mwingine kwa urahisi. Kuanzia mwaka 2014 kampuni za simu zilianza kuunganisha huduma zao kwa makubaliano, na mwaka 2016 mtandao mkubwa kuliko yote ulikuwa umejiunga. Baadaye Benki Kuu ya Tanzania ilijenga Mfumo wa Malipo ya Papo kwa Papo, TIPS, unaounganisha benki na kampuni za simu katika njia moja. Hadi mwisho wa mwaka 2024 akaunti za fedha kwa simu nchini zilikuwa zimezidi milioni 60.

Kilichomnufaisha wakala wa Buzuruga katika historia hiyo ni kwamba mtandao haukuwa kuta. Mteja wa mtandao wowote akawa mteja wake. Kampuni changa inayotaka kujenga huduma ya mikopo midogo, bima ya boti au malipo ya nauli ya kivuko inaweza kujenga juu ya njia hiyo ya pamoja badala ya kuomba ruhusa kwa kila mtandao peke yake. Agizo la mwaka 2025 limemhakikishia raia nafasi ya uwakala. Muunganiko wa mifumo ndio ulioifanya nafasi hiyo iwe na thamani. Hatua hizi mbili zinakamilishana, na ya pili ikidhoofika, ya kwanza haitakuwa na cha kulinda.

Fundisho la Ukara

Upande wa mtaji unaeleweka vizuri zaidi kwa kuvuka maji hadi kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe. Mwaka 2016 kampuni ya JUMEME iliwasha mtambo wa umeme wa jua na gridi ndogo katika kijiji cha Bwisya. Kampuni hiyo ilianzishwa kwa ubia wa wadau wa Ujerumani na Austria pamoja na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino Tanzania, kilichopo Mwanza. Ilikuwa, kwa maana kamili, kampuni changa ya teknolojia yenye mizizi Ulaya na Kanda ya Ziwa kwa wakati mmoja. Mbali na kuuza umeme, ilijaribu kununua samaki wa wavuvi wa kisiwa, kuwagandisha na kuwapeleka katika masoko ya mbali, ili umeme upate matumizi ya uzalishaji.

Tatizo lilikuwa bei. Gharama ya kuzalisha umeme kwa kijiji kimoja kisiwani ni kubwa kuliko ya Gridi ya Taifa, na wananchi wa Ukara walilipa kwa uniti mara nyingi zaidi ya majirani zao wa nchi kavu. Malalamiko yao yalikuwa ya haki. Mwaka 2020 Serikali ilielekeza bei ya gridi ndogo ilingane na ile ya TANESCO vijijini, shilingi 100 kwa uniti. Kwa kaya ya mvuvi, nafuu ilikuwa ya mara moja. Kwa wawekezaji wa gridi ndogo, mahesabu ya miaka 15 au 20 yalibadilika kwa siku moja, na wengi walisita kuendelea na miradi mipya.

Mfano wa Ukara hauhusu ushuru wala kuzuia wageni, lakini unagusa kiini cha mjadala. Kampuni changa huishi kwa matarajio: mwenye mtaji huweka fedha leo kwa kuamini kanuni za kesho. Lengo la kuwalinda wananchi dhidi ya bei kubwa ni sahihi, na lingeweza kufikiwa pamoja na utaratibu unaoeleza mapema nani atafidia tofauti kati ya gharama na bei. Ruzuku inayoelekezwa kwa mtumiaji wa kisiwani huilinda kaya, huku mwekezaji akiendelea kuwa na sababu ya kubaki. Amri ya bei isiyo na fidia huilinda kaya iliyokwisha kuunganishwa, na kuiacha ile ya kisiwa cha pili ikisubiri.

Fundisho kama hilo lilipatikana katika usafiri wa mijini. Mwaka 2022 Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliweka ukomo wa asilimia 15 kwa kamisheni ambayo kampuni za usafiri kwa njia ya programu za simu huwatoza madereva. Dhamira ilikuwa kumlinda dereva wa Kitanzania. Uber ya Marekani ilisitisha huduma mwezi Aprili mwaka huo, na Bolt, kampuni iliyoanzishwa na kijana nchini Estonia mwaka 2013, ilipunguza huduma zake baadaye. Mamlaka ilirudi mezani na wadau, ukomo ukapandishwa hadi asilimia 25, na Januari 2023 Uber ilirejea. Dereva aliendelea kuwa na ukomo unaomlinda, na abiria akapata huduma. Mazungumzo yaliyofuata uamuzi yalizaa matunda; yangefanyika kabla yake, dereva asingepoteza miezi ya kipato.

Ulaya inajadili nini

Nchi za Ulaya zenyewe zinapitia mjadala huohuo, na hitimisho lao linafaa kusikilizwa. Umoja wa Ulaya umeweka kanuni kali kwa kampuni kubwa za teknolojia. Mwaka 2023, chini ya Sheria ya Masoko ya Kidijitali, ulizitaja Alphabet, Amazon, Apple, ByteDance, Meta na Microsoft kuwa walinda lango wanaopaswa kutoa nafasi kwa wengine. Hakuna kampuni ya Ulaya katika orodha hiyo ya kwanza, jambo lililowafanya baadhi ya Wamarekani waione sheria hiyo kama ukuta uliojengwa kwa jina la ushindani.

Hata hivyo, ripoti ya Mario Draghi, aliyekuwa Rais wa Benki Kuu ya Ulaya na baadaye Waziri Mkuu wa Italia, iliyotolewa Septemba 2024, ilielekeza macho kwingine. Ilieleza kwamba kati ya mwaka 2008 na 2021 karibu asilimia 30 ya kampuni changa za Ulaya zilizofikia thamani ya dola bilioni moja zilihamishia makao makuu nje ya bara hilo, nyingi zikienda Marekani. Sababu kubwa haikuwa upungufu wa kuta dhidi ya wageni. Ilikuwa mipaka iliyobaki ndani ya Ulaya yenyewe: kampuni iliyozaliwa nchi moja hukutana na sheria tofauti, leseni tofauti na kodi tofauti inapotaka kuhudumia nchi jirani, wakati mshindani wake wa Marekani anaanza na soko moja la watu zaidi ya milioni 300.

Mkazi wa Mwanza anaweza kuisoma ripoti hiyo kana kwamba imeandikwa kuhusu Ziwa Victoria.

Ziwa moja, soko moja

Kutoka Bandari ya Mwanza, Kisumu na Port Bell ziko ng'ambo ya maji yaleyale. Serikali imewekeza kwa kiwango kikubwa ili kuupa mkoa huu nafasi ya kuwa kitovu cha biashara ya maziwa. Daraja la John Pombe Magufuli linalounganisha Kigongo na Busisi lilizinduliwa Juni 2025. Meli ya MV Mwanza, yenye uwezo wa kubeba abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, imejengwa jijini humo. Reli ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka yenye urefu wa kilomita 341 inaendelea kujengwa. Miundombinu hiyo imekusudiwa kuvusha watu, bidhaa na huduma.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inazungumzia haki ya raia wa nchi wanachama kuanzisha biashara katika nchi nyingine, kwa mujibu wa ratiba ambazo kila nchi iliridhia. Ndiyo sababu Agizo la Julai 2025 lilipotangazwa, Kenya ilieleza wasiwasi wake ikirejea Ibara ya 13 ya Itifaki hiyo. Tanzania, kwa upande wake, ina haki na wajibu wa kulinda ajira za wananchi wake wa kipato cha chini. Mahali pa kuoanisha mambo hayo mawili ni katika vikao vya Jumuiya, na ni kwa maslahi ya vijana wa Mwanza kwamba jambo hilo limalizike vizuri.

Sababu ni kwamba kampuni changa ya Mwanza ikifanikiwa, mteja wake wa pili yuko Kisumu au Kampala. Mfano wa kampuni iliyozaliwa Tanzania na kukua kwa kuvuka mipaka upo. NALA ilianza kwa kuhudumia watumiaji wa fedha kwa simu nchini. Leo inawawezesha Waafrika walioko Uingereza, nchi za Umoja wa Ulaya na Marekani kutuma fedha nyumbani, na mwaka 2024 ilitangaza kupata mtaji wa dola milioni 40. Kampuni hiyo isingefika hapo kama nchi hizo zingeamua kwamba kutuma fedha ni kazi ya raia wao pekee.

Wananchi wa mwambao wanajua pia uchungu wa mlango kufungwa kutoka upande wa pili. Kati ya mwaka 1997 na 1999 nchi za Ulaya ziliweka vizuizi mara kadhaa dhidi ya samaki wa Ziwa Victoria, zikitaja hofu ya kipindupindu na matumizi ya sumu katika uvuvi. Viwanda vya sangara vya Mwanza vilipunguza kazi na bei ufukweni ikashuka. Soko lilirudi kwa sababu nchi za ziwa ziliimarisha ukaguzi na viwango. Leo Maabara ya Taifa ya Udhibiti wa Ubora wa Samaki iliyopo Nyegezi ni sehemu ya urithi wa juhudi hizo. Ubora uliothibitishwa ndio ulioufungua mlango, na kwa kampuni ya teknolojia kinacholingana na cheti cha maabara ni kuheshimu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika mwaka 2023. Mteja wa nje hatakabidhi taarifa zake kwa kampuni isiyoweza kueleza inazihifadhi vipi.

Vigezo vya kupima ulinzi

Mifano hiyo yote inatoa vigezo vinne ambavyo mwananchi anaweza kuvitumia kupima hatua yoyote ya kulinda soko, iwe iliyopo au itakayopendekezwa.

Kwanza, je, hatua hiyo inampatia mzawa mteja, au inamwondolea tu mshindani? Kuondoka kwa mshindani ni nafasi, na nafasi huhitaji zabuni, mafunzo na mkopo ili iwe kazi.

Pili, je, inaacha vifaa na huduma za kuzalishia vipatikane kwa bei nafuu? Kumlinda fundi huku kioo cha simu kikipanda bei ni kumpa kwa mkono mmoja na kumnyang'anya kwa mwingine.

Tatu, je, ina muda na kipimo? Mtoto hushikwa mkono anapojifunza kutembea. Akiendelea kushikwa akiwa mtu mzima, hatakimbia. Hatua yenye tarehe ya kupitiwa upya humpa mjasiriamali sababu ya kujiandaa, na humpa mwekezaji kitu cha kupangia.

Nne, je, inaacha mlango wa jirani wazi? Nchi itakayoomba vijana wake wapokelewe Kampala na Kisumu italazimika kujua namna ya kuwapokea wa Kampala na Kisumu.

Nini cha kufanya sasa

Kwa mwananchi wa Mwanza anayefanya au anayekusudia kufanya biashara ya teknolojia, yapo mambo ya kuzingatia mara moja. Mwenye biashara iliyo katika orodha ya Agizo ahakikishe leseni yake iko katika jina la mmiliki wa kweli, kwa kuwa kuazima jina kwa niaba ya mgeni sasa ni kosa lenye adhabu kwa raia mwenyewe. Mwenye kampuni iliyo na mbia au mwanahisa wa kigeni awasiliane na Afisa Biashara wa halmashauri yake au Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, kabla ya muda wa leseni kuisha, na apate majibu kwa maandishi.

Vijana wenye ujuzi wa teknolojia wasajili vikundi au kampuni zao na kujisajili katika NeST ili waweze kuomba zabuni zilizotengwa kwa makundi maalumu. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo kwayo asilimia 4 ni ya vijana, 4 ya wanawake na 2 ya watu wenye ulemavu, inapatikana pia kwa shughuli za teknolojia zenye mpango wa biashara unaoeleweka. Kwa wanaotafuta wabia wakubwa, sheria ya uwekezaji imeweka kiwango cha chini cha mtaji kwa mradi wa mzawa kuwa dola 50,000, ikilinganishwa na dola 500,000 kwa mgeni. Tofauti hiyo nayo ni ulinzi, na ni ulinzi usiomfungia mtu mlango.

Kwa watunga sera, kazi iliyo mbele ni kupima matokeo. Leseni zinazotolewa na kuhuishwa katika halmashauri za Mwanza, Geita, Mara na Kagera zitaonesha kama vibanda vya ufundi simu na uwakala vimeongezeka mikononi mwa raia, na kama bei kwa mteja imebaki ya kuridhisha. Takwimu hizo zikikusanywa na kutangazwa, mjadala utaacha kuwa wa hisia. Agizo litakuwa limefanya kazi yake pale ambapo fundi wa Makoroboi aliyelindwa mwaka huu atakuwa, miaka michache ijayo, ameajiri wengine, anauza huduma ng'ambo ya ziwa, na hahitaji tena kulindwa.